Marisau ya Supu ya Mzazi

Barua ilifika Jumatatu asubuhi, ikiwa na muhuri wa mviringo, na Lusekelo aliisoma akiwa amesimama, kama mtu anayesomewa wosia wa tajiri.

"Kamati ya Kudumu ya Ndege wa Porini na Afya ya Wazazi," alisoma kwa sauti. "Kumbe ipo?"

"Inaonekana ipo, Baba," alisema Kaliza, binti yake, akipuliza chai iliyokuwa imepoa zamani.

Haikuwapo. Kamati hiyo ilikuwa na mjumbe mmoja, mwenye umri wa miaka kumi na sita, aliyekuwa nyumbani likizo kutoka shule ya bweni. Makao yake makuu yalikuwa chumba cha pili upande wa kulia, katika nyumba yenye geti la kijani huko Kagarama, Kigali. Muhuri wenyewe ulichongwa kwenye kiazi, na shughuli za ofisi zilipokwisha ulikatwakatwa, ukakaangwa, ukaliwa na mhusika.

Lakini safari hii Kaliza hakuwa ametenda uovu huo kwa kujifurahisha. Alikuwa na sababu, na sababu ilikuwa tumboni mwa mama yake.

Katika ukoo wa Lusekelo, mwanamke akijifungua, supu yake ya kwanza lazima iwe ya kanga wa porini, aliyepigwa na baba wa mtoto mwenyewe kwa bunduki ya babu. Babu huyo alikuwa bwana miti Biharamulo, upande wa Tanzania, na bunduki yake ya mitutu miwili bado ilitunzwa Mwanza kwa fundi bunduki mwenye leseni, Mzee Ochieng. Kaliza alipozaliwa, Lusekelo alikwenda, akapiga kanga, akamkausha kwa moshi, akarudi naye Kigali na cheti cha daktari wa mifugo mkononi. Alipenda kusema kwamba akili zote za Kaliza zilitoka kwenye supu ile. Mkewe, Ingabire, alikuwa akiuliza kama na vituko vilitoka humo humo.

Sasa, baada ya miaka kumi na sita, Ingabire alikuwa mjamzito tena, na siku zilikuwa zimekaribia. Safari ya kanga ilipangwa Alhamisi ya wiki hiyo ya barua. Wiki mbili kabla yake, muuguzi wa kliniki, Annick, alimuuliza Ingabire maswali kuhusu vyakula, akasikia habari za kanga, akaweka kalamu chini. Marisau, zile punje ndogo zinazoruka nyingi kwa pamoja kutoka kwenye bunduki ya ndege, kwa kawaida hutengenezwa kwa madini ya risasi, na madini hayo ni sumu. Yanaingia kwenye damu, yanaingia hata kwenye maziwa ya mama.

"Supu hiyo sinywi," Ingabire alitangaza jioni ile.

"Marisau tunayatoa kwa kijiko," alisema Lusekelo. "Mimi mwenyewe nimeyala tangu utotoni, na niko hapa nimesimama."

"Ariko, Baba Kaliza! Lakini kwani kusimama ndiyo afya? Hata nguzo ya umeme imesimama."

Wiki mbili nyumba ilikuwa kimya. Ingabire hakuwa mtu wa kuudharau ukoo wa mumewe, na jambo lile lilimwuma. Lusekelo naye aliona aibu ya kuwa baba wa kwanza katika ukoo kurudi mikono mitupu. Walipitishiana chumvi mezani kwa adabu ya mabalozi. Kaliza alitafuta, akasoma, akaelewa kwamba punje ikigonga mfupa inamegeka kuwa vumbi ambalo hakuna kijiko kitakacholiona. Alimweleza baba yake. Baba yake akamkumbusha kwamba mwezi wa nne alimweleza pia kuwa kuna mamba ndani ya tanki la maji.

Hapo ndipo Kamati ilipozaliwa. Lusekelo alikuwa msimamizi wa ghala la mizigo kule Gikondo kwa miaka ishirini, na kitu pekee duniani alichokiamini kuliko macho yake ni muhuri. Barua iliagiza, "kwa herufi na kwa roho", kwamba marisau ya madini ya risasi yaachwe na yatumike marisau ya chuma. Siku hiyo hiyo Lusekelo alimtumia Mzee Ochieng ujumbe aagize boksi mbili za chuma. Ingabire alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu kliniki. Kaliza alilala usingizi wa kiongozi aliyeokoa taifa.

Usingizi huo ulidumu siku tatu.

Alhamisi asubuhi, Lusekelo akiwa tayari ametoka kwenda ghalani na begi lake la safari, aliwatumia kwenye simu picha ya boksi aliyoipata kwa Mzee Ochieng. Aliandika chini yake: "Mizigo imefika Mwanza. Amri ya Kamati imetekelezwa." Kaliza aliikuza picha ili aifurahie vizuri. Pembeni mwa boksi palikuwa na maandishi madogo mekundu, na kadiri alivyoyasoma ndivyo tabasamu lake lilivyopungua. Marisau yale yasitumike kwenye bunduki za zamani, wala zenye mtutu uliobanwa sana mdomoni.

Bunduki ya babu ilikuwa na umri mkubwa kuliko Lusekelo mwenyewe. Na kila Krismasi Lusekelo aliisifu kwa jambo moja, kwamba mdomo wake umebanwa kiasi kwamba marisau hutoka yamekumbatiana kama viranja wanaokwenda kushtaki.

Kaliza alikuwa amemwangalia ndege, akamwangalia mama, akamwangalia mtoto ambaye bado hajazaliwa. Bunduki hakuiangalia kabisa.

Akapiga simu.

"Baba, usitumie yale marisau. Mtutu unaweza kupasuka."

"Eti eh," alisema Lusekelo, huku nyuma yake kukisikika makelele ya kupakia. "Na mamba hajambo?"

"Baba, sitanii!"

"Mwanangu, basi langu ni saa nane na hapa nina makontena mawili. Nisalimie mamba." Akakata.

Akapiga tena. Haikupokelewa. Mama yake alikuwa amelala, miguu imevimba, na Kaliza hakuwa na moyo wa kumwamsha ili amwambie kwamba ameisuka ajali ya baba yake kwa mikono yake. Alichukua pikipiki hadi Gikondo, amefunga kofia ngumu ya abiria mpaka kidevuni, akifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya shuleni hata mbele ya mwalimu wa zamu: alikuwa akijiandaa kukiri bila kuulizwa.

Getini alimkuta Mutsinzi, mlinzi, aliyekuwa anamfahamu vizuri mno.

"Ah, Kaliza! Mzee iko ndani. Leo unaleta nini? Ile nyoka ya plastiki?"

"Leo nimeleta ukweli."

Mutsinzi alifungua daftari lake la mizigo inayoingia, akalitazama kwa huzuni. "Hiyo haijawahi kupita hapa, sha, rafiki yangu. Pita tu."

Lusekelo alikuwa kwenye kiofisi chake cha vioo, anafunga begi. Kaliza aliingia, akasimama wima kama yuko paredi.

"Baba, barua niliiandika mimi."

"Barua gani?"

"Ya Kamati. Hakuna Kamati. Kamati ni mimi."

Lusekelo alicheka mpaka akakaa. Kisha akafungua droo, akaitoa barua, ambayo alikuwa ameihifadhi ndani ya plastiki. "Ina muhuri, Kaliza. Unataka kunidanganya kwamba ulinidanganya?"

Katika maisha yake yote ya hila, Kaliza hakuwahi kuona jambo gumu kama lile. Uongo wake ulikuwa umesimama imara, na ukweli haukupata hata kiti. Alitoka mbio, akarudi na kiazi alichoomba kwa mama lishe wa nje ya geti. Akachukua kisu cha kukatia kamba za mizigo, akachonga mbele ya baba yake bila neno. Alipaka wino wa ofisi, akagonga kwenye karatasi tupu. Muhuri ukatokea, wa mviringo, wenye kanga katikati anayefanana zaidi na buli la chai.

Lusekelo aliweka karatasi zote mbili sambamba. Alizitazama kwa muda mrefu. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

"Miaka ishirini," alisema polepole. "Miaka ishirini nakagua mihuri."

"Nisamehe, Baba."

"Kwa hiyo Kamati haipo." Akasimama. "Vizuri. Basi hata habari ya sumu haipo. Namwambia Ochieng anipe marisau yangu ya siku zote, na wewe tutaonana nikirudi."

Hilo Kaliza hakulitarajia. Kwa kuung'oa uongo, alikuwa anaung'oa na ukweli uliofungwa ndani yake.

"Baba, muhuri ni wa kwangu. Sumu si ya kwangu," alisema. "Usiniamini mimi. Nina sababu zote za kutoaminiwa, nimezikusanya mwenyewe. Muulize Mzee Ochieng. Mimi nitakaa kimya kabisa."

Huenda ni neno kimya lililomgusa, maana hakuwahi kulisikia likitoka kinywani humo. Lusekelo alipiga simu, akaweka sauti kubwa.

"Ochieng, yale marisau ya chuma, yanafaa kwa bunduki ya mzee?"

"Ya mzee?" Simu ilikohoa. "We Lusekelo! Mimi nilidhani umenunua bunduki mpya, nikasema huyu bwana Kigali imemkubali! Ile ya mzee usithubutu. Chuma hakikunjiki, ndugu yangu. Risasi ikifika pale mdomoni inajibana inapita, chuma kinasukuma. Leo hakuna kitu, kesho mtutu umevimba, keshokutwa unakuja kunilaumu ukiwa na mkono mmoja. Nani alikushauri?"

Lusekelo alimtazama binti yake. "Kamati."

"Kamati za siku hizi!"

"Basi nipe yale ya zamani."

"Ni ya nini? Ya supu ya shemeji?"

"Ndiyo."

"Basi sikupi. Mimi nimeyeyusha hayo madini miaka thelathini kwenye karakana. Mwaka juzi walinipima damu, daktari akaniuliza kama huwa nayanywa. Mikono ilikuwa inatetemeka kama nimeiba. Sasa nimeacha, naendelea vizuri. Lakini mtoto mchanga? Hapana, kaka."

Kaliza alikuwa ameahidi kukaa kimya. Aliinua mkono kama yuko darasani.

"Sema," alisema baba yake kwa uchovu.

"Shikamoo, Mzee Ochieng. Hakuna madini ambayo ni laini kama risasi lakini si sumu?"

"Marahaba! Huyo nani? Yapo, mwanangu. Yanaitwa bismuti. Hayo hayaumizi mtutu wa zamani, na mwilini hayana ubaya ule. Ila lazima urefu wa ganda lenye punje hizo ulingane na chemba ya bunduki, pale linapoingia. Ya mzee wenu ni milimita sitini na tano, ukiweka refu umeharibu yote. Mimi ninayo maganda kumi ya saizi hiyo, aliyabakiza mteja aliyehama. Kumi tu. Nitasafisha mitutu kwanza, mabaki ya risasi yasibaki. Na Lusekelo, usipige mbali. Hatua thelathini, basi. Umsogelee ndege kama unataka kumposa."

Lusekelo alikata simu. Alichukua begi. Mlangoni aligeuka.

"Ningeyatumia yale ya chuma," alisema. "Nilikuwa nimeshaamua. Ulikuja." Halafu, kana kwamba amejisikia akisema kitu laini mno: "Na utamwambia mama yako yote, kwa mdomo wako. Bila kiazi."

Alirudi baada ya siku tano, amechubuka magoti, ana kanga mmoja. Alikuwa ametumia tisa kati ya yale maganda kumi ya bismuti, na alieleza kuwa manane yalikuwa ya kuwatisha. Siku nne baadaye alizaliwa msichana, wakamwita Ihirwe, naye alilia kwa sauti iliyowafanya majirani wazime redio zao.

Kaliza ndiye aliyepeleka bakuli chumbani. Supu ilikuwa inafuka moshi. Ingabire alikuwa ameegemea mito, mtoto kifuani, na hakuinyoosha mikono kuipokea.

"Kaliza, niangalie."

Kaliza alimwangalia.

"Unaijua hii? Umeifuatilia mwenyewe?"

"Niliongea na Mzee Ochieng mara tatu, Mama. Alinitumia picha ya boksi, nikasoma pande zote sita. Halafu nikampigia Annick wa kliniki, nikamsomea. Amesema unywe."

"Hakuna utani?"

"Hakuna."

Ingabire aliutafuta uso wa binti yake, jicho la kushoto, la kulia, pembe za mdomo ambako kicheko huwa kinajificha. Alitafuta bila haraka. Mlangoni Lusekelo alikuwa amesimama na taulo begani.

"Mshike mdogo wako," alisema Ingabire mwishowe. Akapokea bakuli kwa mikono miwili, akalipuliza, akanywa.