Kahawa Ndani ya Maabara

Nadine Hostetler alikuwa mpole, muulize mtu yeyote pale mjini kwao Ohio. Ila upole wake ulikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ulikuwa mlango wa maabara. Miaka kumi na tisa alikuwa akipima maji ya mji, na katika miaka yote hiyo hakupata kuona alichokiona asubuhi ile katika Chuo cha Wexmoor: wazazi kumi na sita wanaingia maabara ya kemia na vikombe vya kahawa mkononi, na hapana hata mmoja anayewakemea.

"Willa," alimnong'oneza bintiye. "Umeona? Kahawa, penye sumu!"

"Mama, tafadhali. Usianze."

Willa alikuwa na miaka kumi na minane na siku tatu za kuamua. Vyuo viwili vidogo vilikuwa vimemkubali, na ikifika tarehe mosi Mei lazima kimoja kipate jibu. Moyo wake ulishaangukia Wexmoor. Hata sweta la chuo, la kijani, alilinunua na kulivaa kabla ya kuonyeshwa darasa moja. Alichotaka kusoma kilijulikana tangu alipokuwa na miaka kumi na miwili, samaki wa kijito cha nyuma ya nyumba yao walipoanza kuelea matumbo juu. Yeye alishuku dawa za mashambani, na maabara ya mama yake haikuwa na mashine ya kupima dawa hizo. Tangu hapo amekuwa akijaza chupa. Mbili alizojaza jana yake zilikuwa garini, kwenye sanduku la barafu, zimebanana na mikate ya nyama ya bata mzinga.

Aliyewatembeza aliitwa Preston, mwanafunzi nadhifu, akienda kinyumenyume kama wafanyavyo watembezaji wa vyuo vyote, asije akawapa wageni mgongo. Aliwaonyesha jengo jipya la sayansi, vioo vitupu kuanzia chini hadi juu. Aliwaonyesha viti vya kuzunguka. Kisha akasimama mbele ya mashine kubwa ya kuchambua kemikali, yenye kibao cha shaba kilichoandikwa jina la tajiri aliyeitoa.

"Hii ndiyo fahari yetu," alisema.

Wazazi wakapiga picha. Nadine hakupiga. Yeye alitafuta daftari. Kila mashine ya namna ile ina daftari lake pembeni, na anayeitumia huandika jina lake, tarehe na alichopima, awe profesa au mwanafunzi. Alilikuta, akalifungua. Miezi kumi na minne, majina mawili, na yote mawili ni ya mafundi waliokuja kukagua. Damu ikampanda.

"Kijana," alisema, "wewe unasoma nini hapa?"

"Kemia, mama. Mwaka wa tatu."

"Hongera. Na hii umeitumia mara ngapi?"

Preston alicheka kwa adabu. "Hii? Hii hatuigusi, mama. Ni mali ya thamani mno. Ila tuna programu nzuri sana ya kompyuta. Unabonyeza tu, inakuonyesha majibu yangekuwaje."

"Yangekuwaje!" Sauti ya Nadine iligonga vioo ikarudi. "Mwaka wa tatu, unabonyeza? Wewe ungekula kwa mpishi ambaye sufuria anaiona pichani tu?"

Willa alimvuta mkono, uso mwekundu. Lakini alikuwa na swali lake mwenyewe, na akaliuliza, taratibu. "Samahani. Kama mtu ana maji yake, maji ya kijito, anataka kujua yana nini?"

"Maji ya kijito?" Preston aliwatazama wazazi, akakonyeza. "Dada, utatuchafulia sakafu!"

Wakacheka wote, na kahawa zao. Nadine angesamehe mengine yote, lakini kile kicheko hakukisamehe. Mtoto amechota maji miaka sita, kwenye baridi, kwenye matope, leo anachekwa na watu waliokuja kupiga picha! Alimshika Willa bega, wakatoka.

Garini Willa alilia. "Umeniaibisha, Mama."

"Mimi? Mimi ndiye niliyekucheka?"

"Ni chuo kizuri!"

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! Wamejenga duka la vioo, wakaliita maabara. Na huyo kijana wamemwibia miaka mitatu, maskini, wala hajui kama ameibiwa."

Willa aligeukia dirishani. Saa mbili nzima walipita mashamba ya mahindi huku na huku, wakielekea chuo cha pili.

Chuo cha Pruitt kilikuwa kibaya kwa macho, tusidanganyane. Jengo la sayansi lilikuwa la matofali ya kahawia, limekaa kama gereji. Hapakuwa na wa kuwatembeza. Mlangoni palibandikwa karatasi: tuko chini, shukeni. Nadine, hasira bado zimemkaba, alinunua kahawa kwenye mashine ya ukumbini, akashuka, Willa nyuma yake na sanduku la barafu, akasukuma mlango.

"Wee mama! Simama hapo hapo!"

Alikuwa msichana mfupi mwenye koti jeupe lenye madoa na miwani mikubwa ya kukinga macho. "Kahawa nje! Na miwani huna! Toka, toka!"

Nadine alitazama mkono wake mwenyewe. Kikombe kilikuwa humo. Miaka kumi na tisa! Alirudi nyuma hatua mbili, aibu imemjaa mpaka masikioni.

"Na wewe," msichana, aliyeitwa Marisol, alimgeukia Willa, "umeleta nini kwenye hilo sanduku?"

"Maji," alisema Willa kwa sauti ndogo. "Ya kijito. Samaki wanakufa."

Marisol hakucheka. "Umeyachota lini? Yamekaa kwenye barafu muda wote?"

"Jana asubuhi. Muda wote."

"Safi. Vua hilo sweta, mikono yake inaning'inia. Miwani ile pale."

Willa alimrushia mama yake sweta la kijani, na mlango ukafungwa.

Nadine alisimama nje zaidi ya saa nzima, akichungulia kwenye kioo kidogo cha mlango. Mashine ilikuwa ya zamani, imefungwa kwa utepe upande mmoja. Daftari lilikuwa limechakaa, limevimba, kurasa zimejaa majina. Alimwona bintiye akiinama na kuandika.

Willa alipotoka, mama yake alimpa sweta. Hakulipokea.

"Haya, kuna nini kwenye maji?"

"Majibu kesho, mashine itachambua usiku kucha. Tunalala hapa, Mama. Jina langu limo daftarini. Mashine ikiharibika usiku huu, atakayeulizwa ni mimi."