Mita Kumi na Mbili

Saa mbili asubuhi Fundi Milimita alipima uwanja kutoka ukuta wa nyumba kubwa hadi mlango wa jikoni kwa mama wa mwenye nyumba, kule uani, akapata mita kumi na nane. Saa nne akapima tena, zikawa ishirini na tatu. Akakuna kichwa, akafuta hesabu ya kwanza. Kamba ya kuanikia ilikuwa palepale, na mashuka yaleyale juu yake.

Bomba la gesi huchaguliwa kwa umbali na kwa kazi linayopewa. Kwa jiko moja na hita moja ya maji, kwa umbali wa mita kumi na mbili, bomba la nusu inchi linatosha. Umbali ukizidi, unene nao uzidi, la sivyo gesi hufika imechoka. Ilipofika saa sita uwanja ulikuwa na mita thelathini na moja, na Milimita alikuwa ameshapanda hadi inchi nzima. Mafundi wenzake walimpa jina hilo kwa sababu hapati usingizi akiwa na shaka ya kipimo. Sasa hata kuketi hakuweza.

"Usijisumbue, mwanangu," mama alisema, akijikanda magoti. "Uwanja huo unakua tu. Mwaka juzi nilikuwa naomba chumvi hapa dirishani, napewa mkononi. Siku hizi napiga simu."

Alichotaka ni maji ya moto ya kukandia magoti, bila kubeba ndoo kutoka nyumba kubwa. Safari ya jana ilikula asubuhi nzima.

Mwanawe, mwenye nyumba, aliitwa. Alitoka na simu sikioni.

"Fundi, ramani inasema kumi na mbili."

"Ramani haijatembea leo, bosi. Shika ncha ya futikamba uende nayo kwa mama. Tusome pamoja."

Akashika, akaenda. Alipokanyaga kizingiti, futikamba ilijivuta yenyewe ndani ya kasha mkononi mwa Milimita, ikasimama kwenye kumi na mbili. Mama alikuwa ameshatoa viti viwili nje.

"Umeona?" mwana alisema. "Weka nusu inchi."

"Kaa kidogo, baba," mama alisema.

"Nitarudi, mama." Simu ilikuwa inaita. Aliinasisha ncha kwenye kizingiti, na kila hatua aliyopiga kurudi, futikamba ilichomoka kwenye kasha mita mbili, mita tatu.

Milimita alimwonyesha.

"Nimeshasoma," mwana alisema, akaandika kumi na mbili kwenye fomu, akatia saini.

Bomba la nusu inchi lililazwa mtaroni alasiri hiyo, likarefuka pamoja na uwanja bila kiungo hata kimoja kulegea. Milimita alipaka povu la sabuni kila kona, akarudia, akarudia tena. Hakuna palipovuja. Roho ilimuuma kuliko kama pangevuja.

Mama aliwasha jiko. Moto ulichelewa, kisha ukatokea, mdogo kama punje ya mchele.

"Hebu keti kwenye kiti hicho kingine, tuone kama utapanda," alimwambia fundi.

Milimita aliketi. Waliutazama moto kupitia mlango kwa muda mrefu. Haukupanda.

"Basi si kiti," mama alisema. Akainuka, akateleka maji ya magoti, yapate moto keshokutwa.