Aliyeogopa Kubatiza

Pacha wa Romana walizaliwa kabla ya miezi yao kutimia, mchana wa mvua, barabara ya kwenda zahanati ikiwa imekatwa na mto. Aliyewapokea ni jirani yake, Fausta. Kwa kuzalisha, kijiji kizima cha Kasansa kilimwamini Fausta; kwa mambo ya Mungu, hata mwenyewe hakujiamini. Miaka kumi na mmoja alikuwa mke wa pili wa Mabula, mfugaji wa Kisukuma, na miaka yote hiyo hakupokea komunyo. Jumapili alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kuomba chumvi.

Watoto wote wawili walienea kwenye kipande cha kanga. Wa kwanza, msichana, alikuwa akivuta pumzi kwa shida, midomo imeanza kubadilika rangi.

"Mama Ngolo, mbatize," Romana alimwambia Fausta kutoka kitandani.

"Mimi?"

"Katekista si alitufundisha? Mtoto akiwa anakufa, yeyote anabatiza."

Ni kweli. Katekista Telesphor aliwafundisha kwenye jumuiya, akawakaririsha mara tatu mpaka yakawakaa: maji kichwani, jina, Baba, Mwana, Roho Mtakatifu. Hata asiye Mkristo anaweza, alisema. Siku ile Fausta alikubali pamoja na wenzake. Kukubali ukiwa umekaa kwenye mkeka ni kazi nyepesi, nani asiyeiweza?

"Mimi sistahili, mama Lucia," Fausta alimjibu, akimwita Romana kwa jina la mwanawe mkubwa. "Nitamharibia mtoto. Baba yake amfuate Telesphor, si mbali."

Gideon, mume wa Romana, akatoka mbio kwenye mvua. Fausta akabaki kusugua kifua cha mtoto kwa vidole viwili, akimbembeleza asubiri kidogo. Mtu mzima na akili zake anamwomba kichanga asubiri! Mtoto hakusubiri. Alivuta pumzi moja ndefu, kisha basi.

Romana hakupiga yowe. Aligeukia ukutani, mabega yakitetemeka, na Fausta akatamani bora angemtukana. Muda wote alidhani ule ni unyenyekevu. Sasa aliona wazi kwamba aliogopa tu macho ya watu wa mabenchi ya mbele, na kwa woga huo mtoto wa mwenzake ameondoka bila maji wala jina.

Ndipo wa pili, mvulana, naye akaanza kutweta vilevile.

Fausta alichota maji kwa kikombe cha plastiki, nusu yakamwagika sakafuni.

"Anaitwa nani?"

"Amedeus," Romana alijibu bila kugeuka.

"Bwana, unanijua," Fausta akasema kwa sauti. "Sina cha kujitetea. Ila hapa nipo mimi tu." Akamimina. "Amedeus, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Maji ya baridi yalimshtua mtoto, akalia. Fausta alimfuta, akamlaza kifuani kwa mama yake na kuwafunika pamoja.

Telesphor alifika na Gideon, suruali zao zimelowa mpaka mapajani. Alisikiliza habari yote, kisha akasema, "Huyu ameshabatizwa, mimi sina cha kuongeza." Akamtazama yule msichana kwenye kanga. "Na huyu tutamkabidhi kwa huruma ya Mungu."

"Alikufa nikiwa naogopa, katekista," Fausta alisema. "Kosa ni langu."

"Najua ni lako," Romana alisema. "Sikusamehe leo, mama Ngolo, na usiniombe. Lakini nyie wengine msimguse binti yangu. Mama Ngolo ndiye atakayembeba kwenda kuzikwa, na sala ataongoza yeye."

Fausta alimwangalia Telesphor, akitumaini atakataa. Telesphor alivua kofia yake, akampisha mlangoni.

Fausta akamchukua mtoto. Alikuwa mwepesi mno. Akatoka naye mvuani, akaanza Baba Yetu kwa sauti iliyokatika-katika, na waliomfuata nyuma wakaisali pamoja naye.