Kisahani cha Tatu

Tangu juzi usiku fundi wa maabara hakuwa ametia kitu mdomoni. Si kwamba chakula kilikosekana. Hofu ndiyo iliyomkaba koo, na hofu ikishakaa haipishi hata tonge.

Mwenzake wa meza ya pili, waliyembandika jina la Tai kwa sababu hakuonekana bila tai shingoni, alimsogezea pakiti ya biskuti.

"Dada, kula. Mla ni mla leo, mla jana kala nini?"

"Mimi hata hiyo jana sikula. Niache, kaka'angu, tumbo limefunga."

Alijaribu kucheka, lakini mikono ilimtetemeka hata kifuniko cha chupa kikamponyoka.

Ndani ya kabati la joto mlikuwa na visahani vitatu vya seli za ngozi, vyenye namba tu. Kimoja kilikuwa cha kaka yake, aliyefariki mwaka juzi baada ya homa ya siku tatu bila kula, seli zake zikahifadhiwa kwenye barafu. Kingine kilikuwa cha binti yake, Chiriku, mtoto asiyefunga mdomo, ambaye siku hizi alikuwa amekonda hadi mashavu yamebonyea. Kilichobaki kilikuwa chake mwenyewe, cha kulinganishia tu. Nani ni namba ngapi alijua Profesa peke yake, na orodha ilifungwa kwenye bahasha ndani ya droo yake. Ndivyo walivyofanya kazi, ili jicho lisione linachokitaka.

Asubuhi walikuwa wameziondolea seli chakula, wakaziachia maji ya chumvi. Seli yenye afya ikishikwa na njaa haikai ikalia. Jeni zilizolala ndani ya kiini chake huamshwa, nazo hutoa amri: kusanya vilivyochakaa humu ndani, visage, tule. Ni kama mama wa nyumba anayepekua kabati unga ukiisha. Kwenye darubini kazi hiyo huonekana kama nukta za kijani. Lakini jeni ya kuianzisha ikiwa mbovu, seli hukalia akiba yake mpaka inakufa. Kaka yake alikwenda hivyo.

Kisahani cha kwanza kilikuwa giza tupu. Huyu ni kaka, alijiambia, Mungu amrehemu. Cha pili kilijaa nukta. Huyu anaweza kuwa mimi, anaweza kuwa mwanangu, akaogopa kufurahi. Alikiweka cha tatu, akafumba macho, akafumbua.

Giza. Alikisogeza huku na huku kama atafutaye sindano, asione nukta hata moja. Jasho baridi likamtoka, akashikilia meza.

"Mwanangu," alisema. "Mwanangu ananifia."

Tai alikimbia kumwita Profesa, mzee mkavu asiyejua kubembeleza mtu. Mzee alikuja na bahasha, akaichana palepale, akasoma, akavua miwani.

"Binti yako ni namba mbili. Mzima kabisa."

Mama wa watu alilia kwa sauti, bila aibu. Akamshukuru Mungu, akamshukuru Profesa, akamshukuru hata Tai asiyehusika. Ilimchukua muda kuona kwamba hakuna mwingine aliyefurahi. Profesa alikitazama tena kisahani cha tatu chenye giza, kisha mikono ya fundi inavyotetemeka.

"Umekula lini mara ya mwisho?"

Kabla hajajibu, simu ikalia. Alikuwa Chiriku.

"Mama! Leo nimemaliza chakula chote, hata chako nimekula! Wewe umekula?"

Tai alikuwa ameshaanza kuchana pakiti ya biskuti, na safari hii hakutania.