Chungu Kisichofunuliwa

Baba mkwe wangu alikuwa fundi umeme maisha yake yote, na watu walimwita Fyuzi mpaka mama mkwe naye akamwita hivyo. Alipostaafu alihamishia ufundi wake nyumbani. Alitufundisha kufunga jokofu, kukunja taulo na kupakata mtoto. Mimi nilikuwa likizo ya uzazi, kwa hiyo nilikuwa mwanafunzi wake wa kutwa. Mama mkwe hupiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Alikuwa akirudi jioni miguu imevimba, kisha anaingia jikoni kupika huku Fyuzi amesimama pembeni, anamweleza moto uwe kiasi gani.

Siku moja uvumilivu ulimwisha. Ndugu yake Fyuzi ana duka, mbali sana na kwetu, na alikuwa anatafuta mtu wa kumwangalizia.

"Nenda ukamsaidie," mama mkwe akasema. "Humu ndani huna kazi, unanihesabia pumzi tu."

"Hapa ndipo kwangu, mke wangu. Niende wapi tena?"

"Basi kesho nikirudi nikute chakula mezani. Nisipokikuta, nakupangia nguo kwenye begi mwenyewe."

Sikutarajia kumwona Fyuzi akiogopa, lakini siku ile aliogopa. Hakumaliza hata chai yake. Alikwenda kuchomoa kabatini chungu cha umeme, zawadi aliyoileta mume wangu, ambacho hakikuwahi kutoka kwenye boksi lake kwa sababu hakuna aliyekiamini chombo kinachopika kutwa nzima. Alfajiri aliamka kabla ya mkewe. Akaosha njegere kavu zilizopasuliwa, akakata kitunguu, karoti na viazi, akatia maji, akageuza kitufe, akafunika. Kisha akarudi kulala usingizi wa mshindi.

Nilipoamka mimi, mama mkwe alikuwa ameshakwenda kazini, na Fyuzi amekaa kwenye kiti mbele ya chungu kama mlinzi wa benki.

"Mwanangu, mfuniko haufunuliwi," akaniambia. "Ukifunua tu, joto lote linatoka."

"Hata kuchungulia, baba?"

"Hata kuchungulia."

Mchana nilimwambia sisikii harufu yoyote. Alinitazama kwa huruma, akasema harufu ni ya majiko yenye papara. Alasiri jirani alikuja kuomba barafu, akanyoosha mkono kwenye mfuniko, nusura wakosane. Baadaye Fyuzi alipanga bakuli, akakata mkate, akavaa shati lake la kutokea.

Mama mkwe alirudi jua likizama. Akavua viatu, akakaa mezani, jambo ambalo sikuwahi kuliona saa ile. Fyuzi akafunua.

Njegere zilikuwa zimelala chini ya maji baridi, zimevimba kidogo, na kitunguu kinaelea vilevile kilivyokatwa. Fyuzi alitumbukiza kidole, akakitoa, akakitazama. Mtu huyu amefunga umeme kwenye majumba ya ghorofa. Nilitaka kucheka, lakini nilipouona uso wake kicheko kilinikauka. Nilimwonea huruma kwelikweli, na mimi si mwepesi wa huruma.

"Haya," Fyuzi akasema. "Kapange hizo nguo."

Mama mkwe aliinuka. Akaitazama soketi ya ukutani. Swichi ilikuwa imezimwa.

"Nimezima mimi," akasema.

"Wewe?"

"Asubuhi, wakati natoka. Si sheria yako mwenyewe? Anayetoka mwisho azime vyote."

Sheria hiyo naijua. Nilisomewa siku ya kwanza nilipoolewa, kabla hata sijakaribishwa kukaa. Miaka yote Fyuzi alitoka alfajiri, watoto wakafuata, na mama mkwe akabaki wa mwisho, akipita chumba hadi chumba na kuzima. Mkono wake ulikuwa bado haujazoea kwamba siku hizi kuna mtu anabaki nyumbani.

Nilidhani ataingia jikoni. Badala yake aliwasha swichi, akarudi kukaa. Fyuzi alimletea beseni la maji ya moto bila kuambiwa, naye mama mkwe akatia miguu yake humo. Tulikula mkate na chai, na hakuna aliyemfundisha mwenzake chochote.

Asubuhi supu ilikuwa tayari, nzito na laini, chumvi imepungua kidogo. Mama mkwe alikula bakuli mbili bila kutoa sifa. Fyuzi akaosha chungu, akatia njegere kavu zilizobaki na maji, akafunika. Mama mkwe akachukua mkoba wake, akaanza mzunguko: taa ya sebuleni, redio, pasi. Alipofika kwenye chungu mkono ulikwenda wenyewe kwenye swichi, ukasimama hewani.

"Hiki nani anabaki nacho?" akauliza.

"Mimi," akasema Fyuzi. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Basi baki nacho," akasema mama mkwe, akaushusha mkono, akaenda kazini.