Kiapo cha Yaqdhan

Habari ya ushindi ilimkuta Rawya dukani kwake, duka la dawa lililoko Khuwair ya Kusini, mjini Maskati, akimweleza mteja namna ya kumpa mtoto dawa ya kifua. Simu ilitetemeka juu ya meza. Ujumbe ulitoka Unguja, kwa kaka yake Yaqdhan, nao ulikuwa mfupi: "Tumepita, Rawya."

Alimalizana na mteja kwanza. Kisha akaingia chumba cha nyuma, akakaa juu ya katoni la maziwa ya watoto, akausoma tena. Alitaka kufurahi, na furaha ikaja kweli, ila haikuja peke yake. Yaqdhan alikuwa amechaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar kwa tiketi ya chama cha upinzani, na Rawya alijua kwamba jioni ile ile atatakiwa aende Bawshar, akampe habari mama yao mbele ya kaka mkubwa, Marhoon. Mama yao, Bi Mahbuba, aliishi kwa Marhoon. Marhoon hakutaka kusikia neno uchaguzi likitajwa na jina la Unguja.

Hakuwa mtu mbaya, Marhoon. Alifanya kazi bandarini Mutrah ujana wake wote, akastaafu na heshima yake, na ndiye aliyemtunza mama yao kwa mikono yake mwenyewe, hata kucha alimkata yeye. Lakini alikuwa mtoto wa miaka saba siku ya Mapinduzi ya Unguja, na alikuwapo baba yao, Humaid, alipotolewa ndani ya nyumba. Humaid hakurudi tena, wala kaburi lake halikujulikana. Siku chache baadaye Bi Mahbuba alipata nafasi katika chombo cha kwenda Mombasa. Alikuwa na mimba ya Rawya, amemshika Marhoon mkono, na mgongoni ana Yaqdhan, hajatimiza mwaka, mwili unawaka kwa surua. Waliokuwa wakisafiri naye wakamwambia mtoto yule hatafika. Basi akamwacha kwa jirani yake, Bi Mize Makame, akisema atatuma mtu amfuate akipona.

Mtoto alipona, lakini njia zilikwisha kufungwa, na mama yake alikwisha kuvuka kutoka Mombasa hadi Maskati. Yaqdhan akakulia kwa Bi Mize, akasoma kule, akaoa kule, akasomesha watoto wa watu hesabu mpaka nywele zikaanza kugeuka. Mara ya kwanza kufika Maskati alikuwa na ndevu tayari. Bi Mahbuba alimshika uso kwa mikono miwili, akamtazama muda mrefu sana, kisha akamwuliza kama amekula.

Jioni ile Rawya alimpa mama yake habari. Bi Mahbuba alikuwa kitandani, ameegemea mito, tasbihi mkononi. Alisema, "Alhamdulillahi," akaendelea na tasbihi yake. Marhoon aliinuka, akaenda kuangalia mashine ya baridi, ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Jambo lingeishia hapo lau si katiba ya kule, inayotaka chama cha pili kwa kura kipewe sehemu yake katika serikali, na mawaziri watoke miongoni mwa wawakilishi. Baada ya matokeo, chama cha Yaqdhan kilikaa vikao juu ya vikao. Wako waliosema kuingia serikalini ni kuwauza waliowapigia kura, wako waliosema kukaa nje ni kuwatupa. Mwisho wakaamua kuingia. Jina la Yaqdhan likawa miongoni mwa yaliyopendekezwa.

Aliomba apewe siku chache kabla ya kujibu, akapanda ndege kuja Maskati.

Walikaa chumbani kwa Bi Mahbuba baada ya sala ya Ijumaa, wao wanne tu. Mke wa Marhoon alileta kahawa na halua, akafunga mlango. Yaqdhan alikaa chini kwenye zulia, karibu na kitanda, ingawa viti vilikuwapo. Alikuwa mwembamba kuliko picha zake za kampeni, na sauti imemkauka kwa mikutano.

"Mama," alisema, "nimekuja kukuuliza. Wanataka niwe waziri katika serikali hii mpya. Nikikubali, nitaapa mbele ya Rais, nitakaa katika baraza moja na watu wa chama kile cha waliopindua. Sitaki ulisikie kwa watu. Na sitaki nilifanye bila ya radhi yako."

Bi Mahbuba alisogeza shanga moja ya tasbihi. Marhoon ndiye aliyesema.

"Unamuuliza nini mtu wa umri huu? Unataka akwambie uende ukakae meza moja nao?"

"Nimekula nao meza moja tangu nilipoota meno, kaka," Yaqdhan alisema taratibu. "Bi Mize alikuwa mtu wao. Mumewe alikuwa na kadi yao mpaka anakufa. Na ni Bi Mize aliyenificha uvunguni mwa kitanda walipokuja kuuliza kama mmebakiza mtu."

"Mimi nilikuwa nimeshika kanzu ya Baba," alisema Marhoon. Rawya alimtazama, kwa sababu hakuwahi kumsikia akilisema hili, si kwake, si kwa mtu yeyote. "Nimeishika hivi. Walinibandua vidole kimoja kimoja. Hawakunipiga. Mmoja wao alinibandua kwa upole, kama mtu anayetoa mwiba. Namkumbuka huyo kuliko wote."

Nje gari la jirani lilikuwa likirudi nyuma, likilia mlio wake wa kutahadharisha, kisha likanyamaza.

"Waliofanya yale wamekufa karibu wote," Yaqdhan alisema. "Waliobaki ni watoto wao na wajukuu zao. Na hao, kaka, ndio walionipigia kura. Jimbo langu halina Waarabu wa kujaza safu moja ya msikiti. Wanawake wanaamka kabla ya alfajiri kuteka maji. Nilisimama mbele yao nikasema nitawasemea. Nikakae nje sasa, niseme siingii kwa sababu ya baba yangu? Na wao wana baba zao."

"Basi usimtaje Baba. Sema unataka uwaziri."

"Nautaka," Yaqdhan alisema. "Sikatai. Nautaka vilevile."

Rawya aliliona neno lile likimpata Marhoon, na akaona pia kwamba lilimfanya amheshimu kidogo mdogo wake, bila ya kutaka. Ndipo Bi Mahbuba akaweka tasbihi juu ya shuka.

"Yaqdhan. Mie nilikuzaa, sikukulea. Mwenye haki ya kukukataza alikuwa Mize, na Mize hayupo duniani. Angekwambiaje?"

"Angenambia niende."

"Basi nenda. Radhi nnakupa, ya moyo wangu wote. Lakini usinitake nifurahi. Hilo nisamehe."

Yaqdhan aliinama, akaubusu mkono wake, akabaki ameinama hivyo. Marhoon alisimama mlangoni.

"Mama amekupa radhi yake, na mimi siwezi kuitengua," alisema. "Ila nyumba hii ni yangu. Ukila kiapo kile, usiingie tena hapa. Ukitaka kumuona Mama, Rawya atampeleka kwake, muonane huko."

Rawya alifungua kinywa aseme kwamba mama hawezi hata kushuka ngazi, kwamba wote wanajua hilo. Bi Mahbuba alimwashiria kwa kidole anyamaze. Yaqdhan akaondoka na ndege ya kesho yake, bila kuaga zaidi ya salamu.

Siku ya kuapishwa mawaziri, Rawya alifunga duka mapema akaenda Bawshar. Alimwekea mama yake simu juu ya mto, mbele ya macho. Marhoon alikuwa amekwenda msikitini, ingawa wakati wa sala ulikuwa bado sana. Waliwatazama mawaziri wakiitwa mmoja mmoja katika ukumbi wa Ikulu, wanawake kwa wanaume, kila mmoja na msahafu wake mkononi, au Biblia. Yaqdhan alikuwa miongoni mwa wa mwisho. Alivaa kanzu nyeupe, koti jeusi na kofia ya kushona.

"Mimi, Yaqdhan Humaid Nasr, naapa..."

Bi Mahbuba aliushika mkono wa Rawya. Jina la Humaid lilikuwa limetamkwa ndani ya nyumba ile ya serikali, mbele ya wakubwa wote, kwenye vipaza sauti, na hakuna aliyeshtuka. Labda hakuna aliyelijua. Yaqdhan akamaliza kiapo, akatia saini, akapeana mikono na waliokuwapo, akarudi kukaa.

"Rudisha," Bi Mahbuba alisema.

Rawya alirudisha. Mama yake akasikiliza mpaka mwisho, macho ameyafumba.

"Sauti ya babake," alisema. "Nilikuwa nimeisahau." Na machozi yakamtoka, ya kimyakimya, na Rawya akayafuta kwa ncha ya mtandio wake. Hawakumweleza Marhoon.

Miezi ikapita. Yaqdhan alipewa wizara inayoshughulika na maji, na huko hakuwa na raha. Wenzake wa chama walimwita kibaraka, na wale wa upande wa pili walimpitishia mafaili yaliyokwisha kuamuliwa. Haya yote alimwambia Rawya kwenye simu, bila kulalamika sana. Kila Rawya alipokwenda Bawshar alimpigia, akampa Mama simu. Marhoon alikuwa akitoka chumbani kila mara. Lakini Rawya aligundua kwamba haendi mbali, anasimama ukumbini, karibu na mlango.

Bi Mahbuba alifariki asubuhi moja, baada ya sala ya alfajiri, bila kusumbuka. Rawya alipofika, Marhoon alikuwa ameketi kando ya kitanda, ameshika mguu wa mama yao juu ya shuka. Alikuwa na simu mkononi.

"Nimempigia," alisema, kabla hajaulizwa.

"Nani?"

"Yaqdhan. Nimemwambia tutamngoja."

Nyumba ikajaa watu. Wanawake walimwosha marehemu na kumkafini, majirani wakaleta chai na mikate, na ilipokaribia adhuhuri mjomba wao Aflah, mdogo wake marehemu, akamwita Marhoon mbele ya wanaume. Rawya aliwasikia kwa dirisha la jikoni.

"Kaburi liko tayari. Asaliwe adhuhuri, tumzike. Maiti hangojeshwi, Marhoon, wewe si mtoto."

"Najua, mjomba."

"Basi?"

"Mwanawe yuko njiani. Tutazika akifika."

"Na akichelewa? Ndege ni ndege."

"Mjomba, Mama alimwacha akiwa hajajua kutembea. Hakuagana naye, alimkabidhi tu kwa mtu. Leo hatakwenda bila ya yeye. Dhambi yake, kama ipo, iandikwe kwangu."

Mzee Aflah alinung'unika, na wengine walinung'unika, lakini hakuna aliyeondoka. Adhuhuri ikapita, na alasiri ikapita. Marhoon hakula. Jua lilipoanza kushuka nyuma ya milima alichukua ufunguo wa gari, akaenda uwanja wa ndege mwenyewe, akamkataa kila aliyetaka kwenda badala yake.

Walirudi karibu na magharibi. Rawya alikuwa amesimama barazani na wanawake wengine. Aliwaona wakishuka, kila mmoja upande wake, kama watu waliotoka safari ndefu pamoja. Yaqdhan alikuwa bado amevaa suti ya kazi, imekunjamana. Alifika kwenye lango akasita. Alisimama pale, mkono kwenye chuma cha lango, hasogei.

Marhoon alikuwa ametangulia hatua kadhaa. Aligeuka.

"Ingia," alisema. "Watu wanangoja."

Yaqdhan akaingia. Walimpeleka kwa mama yake, wakamwacha naye kidogo.

Walimzika baada ya sala ya isha. Wanawake walibaki nyumbani, na ni Loay, mwanawe Rawya, aliyemsimulia yaliyotokea makaburini: kwamba wajomba zake wawili ndio walioshuka kaburini kumpokea bibi, na kwamba Mjomba Yaqdhan alipotaka kutoka, ukingo wa mchanga ulibomoka, Mjomba Marhoon akamsukuma kwa bega kutoka chini mpaka akapanda.

Siku ya tatu ya tanga, watu walipopungua, Rawya aliwakuta majlisi, chumba cha wageni, wameketi peke yao, dele la kahawa katikati yao. Yaqdhan alikuwa aondoke jioni ile, Baraza lilikuwa linaanza kikao cha bajeti. Rawya alikaa nao.

"Yule mzee wa kijijini," Marhoon alikuwa akisema, "uliyenambia garini. Anajua kweli Baba na wenzake walipelekwa wapi?"

"Watu wanasema anajua. Nilimwendea kabla ya kampeni, akanambia hakumbuki. Nilimwendea tena nilipokuwa waziri, akaniogopa, akasema hakumbuki vilevile."

"Mimi hataniogopa."

"Utakuja?" Yaqdhan aliuliza.

Marhoon alikizungusha kikombe chake kitupu kwenye kiganja. Hakuwa amekanyaga Unguja tangu alipoburutwa mkono kwenda kupanda chombo.

"Sijui," alisema. "Niache kwanza nimalize ya Mama."

Yaqdhan aliitikia kwa kichwa. Rawya alichukua dele, akamjazia kila mmoja kahawa yake, wakanywa wote watatu, mpaka ukafika wakati wa kwenda uwanja wa ndege.