Bakuli Lisilo na Muhuri

Tangu mwezi Juni hadi Septemba ile, Obdulia Zepeda hakuwa ameweka mdomoni hata ukoko wa nyama aliyoikaanga mwenyewe. Watu wa soko la Analco, mjini Guadalajara, hawakumwamini, na kwa kweli ungemwona amesimama mbele ya sufuria yake kubwa ya shaba, mwiko mrefu mkononi, mapande ya nguruwe yakitokota ndani ya mafuta, na wewe usingemwamini. Alikuwa mwanamke wa mwili. Mama yake alikuwa hivyo, bibi yake alikuwa hivyo, na kwa miaka yote arobaini na saba mwili huo haukumkosea mtu yeyote, mpaka figo za mdogo wake Nazario zilipokufa.

Vipimo vilionyesha kwamba figo ya Obdulia ingemfaa Nazario kuliko ya ndugu mwingine yeyote. Obdulia alikubali kabla daktari hajamaliza sentensi. Lakini daktari akamwambia lazima apungue kilo tisa kwanza, maana kumpasua mtu mnene ili kumsaidia mwingine ni kuhatarisha wawili. Jopo la madaktari lingekaa Desemba. Asipokuwa amepungua, jina lake lingefutwa, na Nazario angebaki kwenye foleni ya wanaosubiri figo ya marehemu, foleni ambayo watu wengi hufia humo humo.

"Punguza mafuta, acha soda, kula matunda kwa wingi," daktari alisema huku macho yake yakiwa mlangoni kwa mgonjwa anayefuata. Maelekezo yakaishia hapo.

Rosaura, mke wa Nazario, akajitwisha mzigo huo bila kuombwa. "Wifi, niachie mimi," alisema. "Huko sokoni kwako utakula nini zaidi ya kitimoto? Kuanzia leo chakula chako kinatoka jikoni kwangu." Alisema kwa moyo safi, hilo lazima tumpe. Siku hiyo hiyo alipekua makabati ya nyumba yake, na kila pakiti au kopo lenye ule muhuri mweusi wa pembe nane ambao serikali imewalazimisha wenye viwanda kuuchapa, kalori zimezidi, sukari imezidi, alilitia kwenye gunia na kulitoa nje ya nyumba. Kisha akaenda kununua vyakula visivyo na muhuri hata mmoja. Alirudi anatembea kifua mbele.

Basi kila asubuhi bakuli la bioniko, ule mchanganyiko wa matunda wa Guadalajara, lilifika kwenye kibanda cha Obdulia, limefunikwa vizuri, juu papai na tikiti na tufaha vimepangwa kama ua. Mchana ulifika mkate wa birote uliochokolewa ndani ukabaki ganda, kwa sababu Rosaura, kama nusu ya Guadalajara, aliamini kinachonenepesha ni ile sehemu laini ya katikati. Na kwa kuwa mkate mtupu haupendezi, lile shimo alilijaza parachichi, jibini na maharage ya kukaanga mpaka likafura. Jioni ilikuwa kachumbari yenye karanga na mbegu za maboga.

Obdulia alikula vyote kama mtu anayekunywa dawa. Bioniko ilikuwa tamu mno, meno yalimuuma. Roho yake ilitamani nopali, yale majani ya dungusi, yachomwe juu ya bati la moto na kitunguu, yaliwe na tortilla mbili, zile chapati nyembamba za mahindi. Alipoomba, Rosaura alishika kiuno.

"Tortilla? Wifi, unataka tumzike mume wangu?"

Kwa hiyo hakuomba tena. Alikula alichopewa, akatembea kwa miguu kwenda na kurudi sokoni, na Septemba ilipoingia alikuwa ameongezeka kilo mbili.

Hapo ndipo maneno yalipoanza, na yalitoka kinywani mwa Rosaura. Kwanza yalikuwa ya kunong'ona, halafu Jumapili moja nyumbani kwa Nazario yakawekwa mezani mbele ya supu.

"Wifi, mimi sitaki ugomvi," alisema Rosaura, na mtu akianza hivyo ujue ugomvi ameshauchemsha. "Ila Don Chon muuza viatu kakuona. Umesimama pale kwenye sufuria yako unalamba vidole."

"Niliungua!" Obdulia alifoka. "Mafuta yaliniruka, nikatia kidole mdomoni. Kwani wewe ukiungua huwa unapiga kwata?"

"Sasa hizo kilo mbili zimeshuka kutoka mbinguni?"

"Sijui zimetoka wapi! Ninachojua sijala kitu ambacho hukunipa wewe. Nakuapia kwa Bikira Maria wa Zapopan."

"Usimtaje Bikira na mdomo wenye mafuta."

Obdulia akamgeukia Nazario. Alimtegemea, kwa nini asimtegemee? Huyu ndiye mtoto ambaye yeye Obdulia alimbeba kiunoni mama yao alipokuwa akifua nguo za watu, akamtafunia nyama alipokuwa hana meno. Nazario alikuwa amekonda, ngozi imekuwa na rangi ya jivu, mkono wa kushoto umevimba mishipa pale mashine ya kusafisha damu inapomchoma. Alikuwa anatazama supu yake.

"Dada," alisema taratibu, "kama hutaki kunipa figo, sema tu hutaki. Hofu ya kisu hata mimi naijua. Lakini usijifiche nyuma ya unene."

Obdulia alihisi damu imempanda mpaka masikioni. Kuitwa mlafi alikuwa amezoea, sokoni watu humtania kila siku na yeye huwatania. Kuitwa mwongo kulimuuma. Lakini huku kuambiwa kwamba ameketi anakula maisha ya ndugu yake kipande kwa kipande, kwa makusudi, kwa woga, na aliyeyasema ni huyo huyo ndugu, hakujua hata mahali pa kukuweka. Hakulia. Alitia mkono kifuani, akatoa ufunguo wa kibanda chake, akautupa kwenye sahani ya Rosaura. Supu ikaruka.

"Nafunga kibanda wiki nzima," alisema. "Nalala hapa, chumba cha katikati, mlango wazi. Nisiguse kitu usichonipa wewe kwa mkono wako. Nikitaka kwenda chooni utanisindikiza. Tunapima leo, tunapima Jumapili ijayo. Nikipungua mtajua nilikuwa naiba. Nisipopungua, mtanieleza nyinyi, maana mimi nitakuwa sina la kueleza."

Wakaenda watatu mpaka duka la dawa la kona, kwenye mizani ya mlangoni, wakapima. Msichana wa dukani alisoma namba kwa sauti kama anayenadi vitunguu.

Wiki ile Obdulia aliishi kama mfungwa katika nyumba aliyosaidia kuijenga. Asiye na kazi huona mengi, na kwa mara ya kwanza aliliona bakuli lake likitengenezwa. Rosaura alikuwa na mtungi wa maziwa mazito matamu aliyochotewa kwa kata kutoka ndoo ya mama mmoja sokoni. Aliyamimina juu ya matunda mpaka matunda yakazama. Akaongeza malai ya kienyeji, nazi iliyokunwa, zabibu kavu, na granola, ile nafaka ya kuokwa, ya kupima kwa kilo, inang'aa asali na mafuta. Juu kabisa akapanga vile vipande vya papai.

"Wifi," Obdulia aliuliza, "hayo maziwa si sukari tupu?"

"Yana muhuri?" Rosaura aliinua mtungi, akauzungusha pande zote. "Tazama. Uko wapi muhuri? Vitu vya sokoni vyote hivi, hakuna hata kimoja chenye muhuri. Nimekagua kwa macho yangu."

Obdulia akachukua kijiko. Alikuwa ameapa kula atakachopewa, na hasira yake ilikuwa imeshajipanga kungoja Jumapili. Akala. Alipomaliza akaongezewa, maana ni matunda, na daktari alisema matunda kwa wingi.

Jambo gumu zaidi lilikuwa Nazario. Walikutana kwenye ujia naye akaangalia ukuta. Hakuruhusiwa kunywa maji ila kidogo sana, kwa hiyo alikaa chumbani kwake akinyonya vipande vya barafu, na Obdulia alimsikia kupitia ukuta, barafu ikigonga meno. Alitaka kumpigia kelele. Alitaka pia kwenda kukaa kitandani kwake. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili, na hilo likamzidishia hasira.

Jumapili wakarudi kwenye mizani. Safari hii Don Chon naye alikuwapo, eti amekuja kununua dawa ya kikohozi, na wanawake wawili wa mtaani ambao hawakuwa na kikohozi chochote. Obdulia alivua viatu, akavua shali, akavua hata hereni, akapanda.

Msichana akatazama namba, akamtazama Obdulia, akatazama namba tena. Safari hii hakunadi.

"Imeongezeka," alisema. "Kilo moja na nusu."

"Haiwezekani!" Rosaura aliruka. "Mizani mbovu hii. Au ametoka usiku. Wifi, sema kweli, ulitoka."

"Ufunguo wa mlango wa nje ulikuwa wapi?" Obdulia aliuliza, bado yuko juu ya mizani.

Rosaura akashika shingo. Ufunguo ulikuwa hapo, umening'inia kwenye uzi pamoja na medali ya mtakatifu.

"Haya sema! Nimekula nini? Don Chon, na wewe sema, mbona ulikuwa na macho makali? Nimekula nini wiki nzima?" Sauti yake ilitoka mpaka barabarani, na hakujali. "Nimekula kutoka mkono mmoja tu. Miezi mitatu nakula kutoka mkono mmoja! Nikanenepa, nikaitwa mwizi!"

Alishuka, akavaa viatu bila kufunga kamba, akaingia duka la jirani. Akatoka na kopo la maziwa mazito ya kiwandani na boksi la granola. Akashika njia ya nyumbani. Nazario alifuata nyuma, anapumua kwa shida, na Rosaura nyuma zaidi.

Mezani Obdulia alifungua kopo akaliweka upande wa mtungi, na boksi upande wa mfuko wa kilo. Kwenye kopo mihuri ilikuwa miwili, myeusi tii. Kwenye boksi vivyo hivyo. Mtungi na mfuko vilikuwa safi kama malaika.

"Nazario, njoo. Leta kidole."

"Dada, mimi siruhusiwi..."

"Kulamba ncha ya kidole hakutakuua. Lamba hiki. Sasa lamba hiki."

Nazario akalamba. Akalamba cha pili. Uso wake ukabadilika polepole.

"Niambie tofauti."

"Hakuna," alisema. "Ni kitu kilekile."

"Tofauti ipo! Hiki kimepitia kiwandani kikapigwa muhuri. Hiki kimetoka ndooni, na ndoo serikali haijaifikia! Muhuri hauingizi sukari ndani ya maziwa, wifi. Unakutajia iliyomo tu. Ukinunua pasipo na wa kukutajia, sukari inakaa palepale kimya." Aligonga meza, kijiko kikaanguka. "Ulitupa vyenye majina ukaniletea vilevile bila majina. Na nopali ukaninyima! Majani, Rosaura! Majani na maji! Ungenipa nopali na tortilla mbili mara tatu kwa siku, leo ningekuwa naazima mkanda wa mume wako."

Rosaura alikaa chini. Aliuvuta ule mtungi kwake, akauangalia ndani kana kwamba kuna mtu amezama humo. "Nilikuwa naamka saa kumi na moja," alisema. "Kila siku. Kukata yale matunda." Kisha akausukuma mtungi mbali. "Nilikuwa namuua mume wangu kwa kijiko changu mwenyewe."

Obdulia alimwona, na kidogo amhurumie. Lakini Rosaura alikuwa amekosea kwa mkono, na mkono hufundishika. Kidonda cha Obdulia kilikuwa upande wa pili wa meza.

"Wewe," alimwambia Nazario. "Kiti chako Jumapili ile kilikuwa kile pale. Kaa."

Nazario akaenda akakaa.

"Figo nitakupa. Hilo halina mjadala, ni yako toka siku daktari alipouliza. Desemba bado, nitapungua hata kama itabidi nile majani barabarani kama mbuzi. Lakini sitalala kwenye meza ya kisu na lile neno lako tumboni mwangu. Ulilitoa mbele ya supu. Lirudishe."

Nazario alishika ukingo wa meza akasimama, ingawa hakuambiwa asimame. Ilimchukua muda.

"Ilikuwa rahisi kukukasirikia wewe," alisema. "Ugonjwa hauna uso, dada. Wewe unao." Akameza mate ambayo hakuwa nayo. "Hukujificha. Mimi ndiye niliyejificha nyuma yako, kama zamani. Nisamehe."

Hapo sasa ndipo Obdulia alipolia, na alilia kwa hasira, akijifuta na shali kwa nguvu kama anasugua sufuria. Hakumkumbatia. Siku hiyo bado ilikuwa mapema mno kwa hilo. Alinyoosha mkono kwa Rosaura, akapokea ufunguo wa kibanda chake, akaurudisha kifuani mahali pake.

"Haya, wifi, simama," alisema. "Washa jiko, weka bati, chukua kisu uchune miiba ya nopali. Wiki nzima umenilisha, na nina njaa."